Ngano na baridi kali: kugandisha kitako au kupima jani?
Kwa ngano ya majira ya baridi, LT50, yaani jotoridi linaloua nusu ya mimea, ndicho kipimo cha kuaminika. Miche huzoeshwa 4 °C kwa wiki kadhaa; vitako vyake, panapochipukia majani na mizizi, hufukiwa kwenye mchanga mbichi na kupozwa hadi kuganda, joto likishuka 2 °C kila saa. Barafu ikiyeyuka, vitako hupandwa upya, na baada ya wiki 3 unahesabu vilivyopona.

Kupima chumvi zinazovuja jani ni haraka: gandisha jani, liloweke, pima upitishaji umeme wa maji hayo, chemsha jani, pima tena. Ila ukisahau kutia chembe ya barafu ya kuanzisha kuganda, maji hupoa chini ya sifuri bila kuganda, na jani dhaifu huonekana shupavu. Tena jani laweza kufa, kitako kikachipua. Kipimo cha jani kitumie kwa mchujo wa awali tu.