Kipimo cha testosteroni jijini Mbeya: huduma nzuri, kipeperushi kibaya

Maabara binafsi ninayoizungumzia iko upande wa Mwanjelwa, na nilifika hapo baada ya daktari wangu, aliyesikia malalamiko yangu ya uchovu wa muda mrefu na kupungua kwa nguvu, kuniandikia kipimo cha testosteroni, homoni ambayo wanaume huwa nayo kwa wingi. Kwa upande wa kazi ya maabara yenyewe naisifu bila kusita. Nilielekezwa nifike asubuhi kabla ya saa 4, tena nikiwa sijala, kwa kuwa homoni hii huwa juu asubuhi na kupungua kadiri siku inavyokwenda, kiasi kwamba damu iliyotolewa alasiri inaweza kumfanya kijana mwenye afya aonekane ana upungufu. Mtaalamu aliyenitoa damu alinieleza pia, bila kuulizwa, kwamba majibu yakitoka chini ni lazima kipimo kirudiwe asubuhi nyingine. "Mzee wangu, usianze kununua dawa kwa karatasi moja," aliniambia, na kwa jinsi dawa za kuongeza nguvu zinavyouzwa kiholela, ushauri huo una thamani kubwa.

Majibu yaliandikwa kwa nanomoli kwa lita, pamoja na viwango vya kulinganishia, ambavyo kwa mwanamume mzima ni takribani 10 hadi 30, na kwa wanawake wengi ni chini ya 2.5. Ningependa waongeze kipimo cha protini inayobeba homoni hiyo kwenye damu, maana kwa mtu mnene protini hiyo hupungua na jumla ya testosteroni huonekana ndogo hata pale ambapo ile iliyo huru kufanya kazi mwilini inatosha.

Kilichonisikitisha ni kipeperushi kilichowekwa mezani mapokezi, kinachowaambia wazazi kwamba kipimo hikihiki kitawaonesha kama kijana wao ni transjenda, yaani mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na ile aliyotambuliwa nayo alipozaliwa, na kwamba akikutwa na kiwango cha kawaida basi anaigiza tu. Maneno hayo si ya kweli, na yanaweza kumuumiza mtoto wa mtu. Watu transjenda ambao hawajatumia homoni yoyote kwa kawaida hukutwa na kiwango kilekile cha jinsi waliyozaliwa nayo, kwa hiyo karatasi ya majibu haiwezi kuwatofautisha na jirani zao. Upande wa pili nao unathibitisha hivyohivyo: wanaume wenye hali ya Klinefelter, yaani waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada, mara nyingi huwa na testosteroni ndogo na wengi wao hujijua kuwa wanaume, na wanawake wenye ovari zenye vifuko vingi mara nyingi huwa nayo zaidi ya wenzao bila kuacha kujijua kuwa wanawake. Watafiti wamechunguza kama homoni anazokutana nazo mtoto akiwa tumboni zina mchango katika namna mtu anavyokuja kujitambua, lakini hata kama zina mchango, damu ya kijana wa leo haiwezi kutueleza yaliyopita kabla hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali ya kuwa transjenda kwenye sura ya magonjwa ya akili, na maelezo yake yanahusu namna mtu anavyojitambua kwa muda mrefu, wala hayataji kiwango chochote cha homoni.

Kipeperushi hicho kimemtumia pia mwanariadha Caster Semenya wa Afrika Kusini kama mfano, na hapo kimemkosea sana. Semenya si transjenda; alizaliwa akatambuliwa kuwa msichana, akalelewa hivyo, na mwili wake hutengeneza testosteroni nyingi kwa sababu ya tofauti ya kimaumbile aliyozaliwa nayo. Kikomo cha testosteroni cha nanomoli 5 kwa lita kilichotangazwa na shirikisho la riadha la dunia mwaka 2018, kikashushwa hadi 2.5 mwaka 2023, kilihusu nani ashindane katika mbio za wanawake, na hakikuwekwa ili kumwambia mtu yeye ni nani.

Jambo jingine ni faragha. Dirisha la mapokezi liko wazi, na tuliokaa kwenye benchi tulimsikia mzazi akiuliza kipimo hicho kwa ajili ya mwanawe huku kijana amesimama kando yake. Maswali ya namna hiyo yanastahili chumba chenye mlango.

Kwa mtu aliyeandikiwa kipimo na daktari kwa ajili ya uchovu, uzazi au kuchelewa kubalehe, naipendekeza maabara hii. Aende mapema na fomu yake mkononi, na majibu ayarudishe kwa daktari huyohuyo. Mzazi anayetaka kumwelewa mwanawe asiitumie fedha yake hapo, bali aketi naye amsikilize, na wakihitaji msaada wamwone daktari au mshauri nasaha anayetunza siri. Msimamizi nimemwandikia kupitia sanduku la maoni nikimwomba akiondoe kipeperushi hicho.