Mdogo wangu akageuka vigae vya rangi: uzoefu wangu na ubora wa "otomatiki"

Nimejipa siku kadhaa nitulie kabla ya kuandika, lakini hasira bado ipo. Nilikuwa naangalia mahafali ya mdogo wangu mubashara kwenye simu, kwa programu hii ya video, maana sikuweza kusafiri. Picha safi, hadi utepe wa joho lake nauona. Wamebaki kama watu watano mbele yake, Wi-Fi ikakatika, simu ikahamia kwenye data. Jina likaitwa. Akapanda jukwaani akiwa vigae: kigae cheusi cha joho, kigae cha kahawia cha uso, basi. Kuangalia ubora: otomatiki, 144p, yaani picha hafifu kabisa. Ikang'ang'ania hapohapo mpaka sherehe inaisha, na bando ninalo, na 4G imeshika vizuri.

Najua picha kushuka ndiyo kazi yake. Video inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kinaandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, halafu simu inapima kasi ya mtandao na kuomba kile kitakachowahi kufika. Sawa. Ila anayejua kushuka ajue na kupanda! Apple walitoa HLS, njia yao ya kurusha video kwa mtindo huo, mwaka 2009; DASH, njia nyingine ya aina hiyohiyo, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Huu si ufundi wa jana wa kuja kujaribiwa kwenye siku yetu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Simu yako ni ya zamani, tafuta nyingine." Hata hawakuuliza ni simu gani! Nikachimba mwenyewe kwenye mipangilio. Chini kabisa nikakuta ubora wa Wi-Fi una sehemu yake na wa data una sehemu yake, na huo wa data wameuweka wao kwenye "okoa data" bila kuniuliza. Nikazima. Marudio ya mahafali yakacheza 720p, picha safi, data ileile, simu ileile wanayoiita ya zamani.

Nilishaweka nyota moja. Baadaye nikaongeza ya pili, kwa sababu haki ni haki: Wi-Fi ilipokatika, sauti haikuyumba hata kidogo. Programu nyingine niliyokuwa nayo ingeganda, kile kiduara kizunguke weee, kikija kuachia jina limeshapita. Hii iliitosa picha ikaishika sauti. Nilisikia majina yake yote matatu, na makofi, na mama akipiga kelele za furaha karibu na kamera. Kwa mwenye mtandao wa kusuasua naweza hata kuipendekeza, mradi aanzie kwenye mipangilio.

Jioni ile mdogo wangu akanipigia. "Kaka, uliniona nilivyokupungia?" Kumbe aliitafuta kamera makusudi, akasimama, akanipungia mkono mimi.

Nikamwambia nilikusikia.

Nyota ya pili naiondoa.