Mke wako kaanza useremala? Nunua kwa mpangilio huu

Mke wangu alianza useremala mwaka huu, jioni baada ya kazi, uani kwetu Nyegezi, Mwanza. Mimi kwa furaha nikakimbilia mjini nikamletea mashine ya kuranda ya umeme. Alishukuru kwa adabu. Mashine iko juu ya kabati mpaka leo. Huu ndio mpangilio ambao ningeufuata kama ningemuuliza kwanza.

Namba moja ni guni, kile kipimo cha pembe mraba, na klampu za kubania mbao. Anayeanza hashindwi kukata, anashindwa kukata kwa unyoofu, na mbao inamkimbia mkononi. Guni ijaribu palepale dukani: iegemeze kwenye ukingo wa mbao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, guni ni mbovu. Muuzaji atanuna. Mwache anune. Klampu nunua mbili tu za chuma. Kazi nyingine itafanywa na tyubu: mafundi wa mtaani hukata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe kamba ndefu, wakafungia maungio mpaka gundi ikauke. Hapa Mwanza tyubu mbovu hazijawahi kuadimika.

Namba mbili ni cha kunolea, na nimekiweka juu ya patasi zenyewe makusudi. Patasi mpya mara nyingi hutoka dukani ikiwa butu, na patasi butu hulazimisha mtu kusukuma kwa nguvu. Hapo ndipo vidole vinapoumia. Kinoo cha pande mbili kinatosha. Kama pesa imebana, omba kipande cha kioo kinene kwa fundi wa madirisha, juu yake weka msasa wa maji namba 400, kisha 1000. Patasi ziwe tatu: robo inchi, nusu na inchi moja. Zipake mafuta ya cherehani kila baada ya kazi, maana unyevu wa ziwa hauchelewi kuleta kutu.

Halafu msumeno. Ukiona ncha za meno ni nyeusi au za bluu, yamechomwa yakawa magumu: yanakaa na makali muda mrefu, ila tupa ya kunolea haiyawezi, yakiisha umekwisha nao. Msumeno wa mtumba wenye meno ya kawaida ukunje kidogo. Ukirudi na kunyooka, ni wako. Randa ya mkono inaweza kusubiri mwezi.

Mbao zenyewe ni zawadi ambayo wengi tunaisahau. Mwachie mninga kwa baadaye. Ni mgumu, ni ghali, na kuukosea kunauma. Paini ni laini na inasamehe, tena misonobari, ndiyo miti yake, inapandwa jirani tu, kwenye mashamba ya miti ya Buhindi, Sengerema, na Rubya kule Ukerewe. Beba mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito zaidi huenda bado ina maji, na ikikauka itapinda. Kigoda cha kwanza cha mama watoto kilipinda hivyohivyo. Tunakikalia kwa tahadhari.

Mkiani kabisa naweka grenda, hasa ile inayofungwa diski ya meno ili ikate mbao. Nimeiona kwa mafundi wengi na sitaki kuiona nyumbani. Grenda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Meno yakinasa kwenye mbao, mashine yote inarukia mwenye kuishika. Hela hiyo nunua miwani ya kazi na barakoa za vumbi.

Sanduku la zana usinunue. La kwetu linaungwa wiki hii, na nimeambiwa nisiliguse mpaka gundi ikauke.