Miche Mitatu ya 'Mrs Sinkins': Ua Zuri, Maelekezo Mabaya

Mwezi Machi mwaka jana niliagiza miche mitatu ya dianthasi, ua la bustani la jamii ya kanesheni, aina ya 'Mrs Sinkins' kutoka kitalu kimoja cha hapa Uingereza kinachouza kwa njia ya posta, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba maua yake meupe yananukia karafuu. Mtu aliyelelewa Pemba, akazoea kuzikanyaga karafuu zilizoanikwa majamvini, hawezi kusikia habari hiyo akaipuuza.

Kitalu kilifungasha miche vizuri, lakini udongo wa vyungu ulikuwa umelowa chepechepe, na karatasi ya maelekezo ilisema nitandaze mboji kuzunguka shina. Ushauri huo unafaa mimea mingi, ila dianthasi hauifai hata kidogo, maana unyevu ukituama shingoni mwa mche, pale shina linapotoka udongoni, huuozesha. Niliufuata, na kabla ya Mei mche mmoja ulikuwa umelainika kabisa, majani yake ya kijivu yenye nta yakageuka kahawia. Miwili iliyosalia niliihamishia kwenye tuta la juu lililo mbele ya ukuta unaotazama kusini, mahali panapopigwa na jua zaidi ya saa sita kwa siku, baada ya kuuchanganya ule udongo wetu wa mfinyanzi na changarawe nyingi na chokaa kidogo. Tangu hapo haikuoza tena, na samadi sikuitia kabisa.

Mwezi Juni ilichanua. Niliinama nikanusa, na ilikuwa karafuu hasa, kwani yujinoli, kiini cha harufu ya karafuu, imo pia ndani ya ua hili. Aina hii ilizalishwa katika mji wa Slough, Uingereza, katika karne ya 19 na John Sinkins, msimamizi wa nyumba ya maskini, aliyeipa jina la mkewe. Petali zake ni nyingi hata hukipasua kikombe cha ua zikamwagikia upande mmoja, jambo ambalo mimi silioni kuwa kasoro. Anayetaka ua nadhifu, linalochanua tena na tena kiangazi chote, achukue dianthasi aina ya 'Doris', ua la rangi ya waridi lenye jicho jekundu. 'Mrs Sinkins' huchanua mara moja tu, kwa wiki chache.

Mwezi Julai nilikata ncha sita za matawi yasiyo na maua, nikazichomeka mchangani, na tano zimeshika mizizi. Hizo ndizo zitakazorithi tuta, kwa kuwa mashina ya zamani huwa magumu na kupukutika majani baada ya miaka mitatu au minne.