Suzuki Jimny ya gia tano: kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kumshtua abiria

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nipo ndani ya Suzuki Jimny, hii ya umbo la boksi iliyotoka 2018, injini ya petroli ya lita 1.5, gia tano za mkono. Kuhusu matope, mawe na sura yake mmeshasikia mengi. Mimi leo nataka tukae kwenye sekunde moja tu: ile unapoitoa gia ya kwanza kuingiza ya pili. Hapo ndipo abiria anapojua kama dereva anamjali.

Nimefunga kamera tatu. Moja ipo chini kwenye pedali. Ya pili inatazama mshale wa resi, ule unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya tatu inamtazama mdogo wangu, aliyekaa kiti cha abiria. Mama yetu naye yupo, amekaa pale nje kivulini anasubiri zamu yake. Ana maumivu ya shingo ya siku nyingi, kwa hiyo majaribio mabaya tunayamaliza kabla hajaingia garini. Ni yeye aliyenifanya nilisome jambo hili kwa dhati, kwa sababu kila nilipombeba nilikuwa namwona anashika kishikio cha mlangoni kabla hata sijagusa klachi.

Haya, twende. Gia ya kwanza, napandisha mpaka mizunguko 3000. Kasi ni kama kilomita 16 kwa saa. Sasa nabadilisha haraka haraka, klachi naiachia mara moja... Mmeona kidevu cha mdogo wangu? Kimeruka juu, kichwa kimegonga kiti. Gari limejirusha mbele.

Mara ya pili. Mizunguko ileile 3000, lakini sasa nakanyaga klachi na kuchelewa kusudi. Moja, mbili, tatu. Naachia... Safari hii kidevu kimeangukia kifuani, kama vile nimegusa breki. Na breki sijaigusa, angalieni kamera ya chini.

Gari ni moja, mguu ni mmoja, ila makosa ni mawili na yamepishana kabisa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba dawa ya kushtua gari ni kuachia klachi polepole. Inasaidia, sikatai. Lakini inafunika tu tatizo lenyewe, tena kwa kuila klachi.

Tatizo lenyewe ni hili. Kwenye Jimny hii, gia ya kwanza ina uwiano wa 4.425, yaani injini inazunguka mara 4.425 ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja, ya pili 2.304, ya tatu 1.674, ya nne 1.190, na ya tano 1.000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata karibu nusu. Maana yake, ukitoka ya kwanza ukiwa na mizunguko 3000, gia ya pili kwa kasi ileile inaitaka injini iwe kwenye mizunguko 1560 hivi. Injini inatakiwa ishuke karibu nusu nzima! Ukitoka ya pili kwenda ya tatu, 3000 inashuka hadi 2180 tu. Kwa hiyo dereva anayesema "mimi ya pili kwenda ya tatu sina shida, ya kwanza ndiyo inanisumbua" anasema kweli. Ngazi ya kwanza ndiyo yenye urefu kuliko zote.

Ukiachia klachi mshale ukiwa bado kwenye 2800, injini inazunguka kuliko inavyotakiwa, inalisukuma gari: kidevu juu. Ukisubiri mpaka mshale umeanguka pale injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, huko chini ya 1000, gari ndilo linalolazimika kuivuta injini ipande: kidevu chini. Katikati hapo kuna mahali ambapo injini na gari vinakutana bila kusukumana. Ukiachia klachi hapo, hata ukiiachia kwa haraka kiasi, hakuna anayesikia kitu.

Na kwa nini gia za chini zina hasira kuliko za juu? Hesabu nyingine kidogo, nivumilieni, naipenda hii. Pamoja na gia za kwenye kasha la kugawa nguvu na zile za ekseli, gia ya kwanza ya gari hili inazidisha nguvu ya kuzungusha ya injini karibu mara 24 kabla haijafika kwenye magurudumu. Ya pili, mara 12 na nusu hivi. Ya tano, mara 5 na kidogo. Kwa hiyo mguu ukitetemeka kidogo kwenye mafuta ukiwa gia ya tano, hakuna anayejua. Kutetemeka huko huko kwenye gia ya kwanza kunafika kwenye tairi kukiwa kumekuzwa zaidi ya mara nne.

Ndiyo maana hata kabla ya kugusa mkono wa gia, kuna kosa linalofanyika chini. Hebu tuisogeze kamera ya pedali. Tazama: mguu wa kulia ukitoka kwenye mafuta kabla wa kushoto haujakanyaga klachi, injini inalizuia gari ghafla, na pua inainama. Mguu wa kushoto ukitangulia, injini inapiga kelele bure. Miguu iende pamoja, kama mtu anayekanyaga baiskeli: mmoja unapanda, mwingine unashuka. Nilifanya zoezi hili gari likiwa limezimwa, jioni baada ya jioni, mpaka miguu ikaacha kuniuliza.

Sasa mkono. Mkono wa gia wa Jimny ni mrefu na safari yake ni ndefu, na mimi kwa kazi hii naupenda hivyo hivyo. Safari ndefu inakupa muda ambao injini inauhitaji ili ishuke. Usiukamate kama nyundo. Weka kiganja juu yake, vuta moja kwa moja nyuma, na ukipita nyutro tulia kidogo sana, kama pumzi, ndipo umalizie. Kwenda ya tatu, sukuma mbele tu bila kuuelekeza pembeni. Springi yenyewe inaurudisha katikati. Wanaoulazimisha kulia ndio wanaojikuta kwenye ya tano.

Siwezi kuwaambia mhesabu sekunde ngapi. Injini nyingi za kisasa zinashusha resi taratibu, kompyuta inafunga hewa kidogo kidogo ili kupunguza moshi mbaya, na kila gari lina mwendo wake. Kaa sehemu ya wazi, badilisha gia mara ishirini, tazama mshale. Baadaye utaacha kuutazama, utausikia.

Kwa mwendo wa kawaida, mimi kwenye ya kwanza sifiki 3000. Natoka kwenye 2200 hadi 2500. Ya pili inanipokea kwenye 1150 hadi 1300, shimo linakuwa dogo na injini haikohoi. Mlimani ndipo naivuta zaidi, kwa sababu wakati nabadilisha, gari linapoteza kasi.

Kushusha gia ni hadithi iliyogeuzwa. Kwa kilomita 30 kwa saa, gia ya tatu ipo kwenye mizunguko 2100 hivi, ya pili inataka karibu 2900. Hapo injini inatakiwa ipande, kwa hiyo klachi ikiwa chini gusa mafuta kidogo, mshale uinuke, ndipo uachie. Kurudi gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea, ngoja kasi iwe ya mtu anayetembea kwa miguu. Na kwenye foleni usikae unabalansi klachi, yaani kuishikilia nusu juu nusu chini. Acha nafasi mbele yako, achia klachi yote, gari lijivute lenyewe.

Neno kuhusu gia inayokwaruza. Ndani ya giaboksi kuna pete za sinkronaiza zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Cadillac walizileta kwenye magari yao 1928, na kabla ya hapo dereva alifanya kazi hiyo kwa miguu yake. Niliwahi kuwa na gari la zamani ambalo pete ya gia ya pili ilikuwa imekwisha, na asubuhi oili ikiwa baridi, ukiilazimisha ilikuwa inalia krrr mpaka unasikitika. Nililiendesha kwa kukanyaga klachi mara mbili: ukifika nyutro unaachia, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ilikubali. Kama lako linakwaruza hata likiwa limeshapata joto, mpelekee fundi, usilishindanie.

Haya, mama ameingia. Amefunga mkanda, ameanza kunisimulia habari za harusi ya jirani. Ya kwanza... 2300... miguu pamoja, nyuma, pumzi, naachia. Ya pili. Ya tatu. Tazameni kamera ya abiria: mikono yake ipo mapajani, na hajakatiza sentensi.

Jaribu na gari lako, halafu niandikie hapa chini: ulipoachia klachi bila kishindo, mshale ulikuwa kwenye ngapi?