Almasi Mbili za Karati Moja: Ya Ardhini na ya Maabara, Unalipia Nini Hasa?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina almasi mbili, zote za mviringo, zote za karati moja. Moja imechimbwa ardhini, nyingine imetengenezwa maabara. Haya, semeni ipi ni ipi. Msijisumbue. Hata sonara mwenye lenzi yake atabaki kubahatisha, kwa sababu zote ni almasi kweli: kaboni iliyoshikana barabara. Maabara zina mashine maalumu za kuzitofautisha, macho yetu hayana.

Tuanze na hii ya ardhini. Almasi nyingi zilijijenga kilomita 150 hadi 200 chini yetu, kwenye joto la nyuzi 900 na zaidi, zikiwa zimebanwa vibaya mno. Na ile habari kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyokandamizwa, tuiache leo. Makaa ya mawe yametokana na mimea. Almasi nyingi zina umri wa miaka bilioni 1 hadi 3 na ushee, wakati nchi kavu haikuwa na mmea hata mmoja.

Kilichozipandisha ni volkano za kina kirefu, zilizopanda kwa kasi. Zingepanda polepole, almasi zingegeuka grafaiti njiani, tukabaki na malighafi ya penseli. Mwamba uliobaki unaitwa kimberlaiti, kutokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, na umekaa ardhini kama karoti: mpana juu, mwembamba chini. Ndio unaochimbwa Mwadui, Tanzania, na Jwaneng, Botswana, na vilevile Urusi na Kanada. Lakini si kila kimberlaiti ina almasi. Nyingi hazina kitu. Almasi nyingine zilisombwa na mito, ndiyo maana Namibia wanazitafuta mpaka chini ya bahari.

Sasa bei, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Muuzaji anataja karati, mteja anaridhika. Karati ni uzito tu, gramu 0.2. Tazameni hapa kwenye kipimo: almasi ya mviringo ya karati moja ikichongwa vizuri hufika kama milimita 6.5 kwa upana. Hii ya maabara, 6.5. Hii ya ardhini... 6.2. Uzito uleule, umeenda wapi? Nailaza kwa ubavu, mnaona tumbo lilivyo refu? Mchongaji ameuficha huko ili jiwe lisishuke chini ya karati moja, maana bei huruka pale namba inapokamilika. Nikiigeuza juu, katikati kuna giza. Mwanga unavujia chini badala ya kurudi machoni. Jiwe la karati 0.9 lenye mchongo mzuri lingeonekana kubwa sawa na hili, ling'ae zaidi, na kwa pesa kidogo.

Rangi hupangwa kwa herufi, D mpaka Z. D haina rangi kabisa, Z ina unjano unaotokana na naitrojeni. Kwa pete ya dhahabu ya njano, mimi singelipia D. Chukua H, hakuna atakayejua. Za waridi na buluu ni soko jingine kabisa: Pink Star, karati 59.60, iliuzwa Hong Kong mwaka 2017 kwa dola milioni 71.2. Usafi hukaguliwa kwa lenzi ya mara 10. Hii ya ardhini ina kidoa karibu na ukingo, kishikizo cha pete kitakifunika.

Uamuzi wangu? Kwa kuvaa, nachukua ya maabara. Mchongo wake ni bora na bei yake iko chini sana. Ila ukiirudisha dukani usitegemee kupata cha maana, na hata hii ya ardhini hairudishi pesa uliyolipa.

Kabla ya kulipa, omba lenzi usome namba iliyochongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, kama ipo, ulinganishe na cheti. Na kile kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto kisikutulize: moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, nayo inapita. Liangalie jiwe kwa mshazari kupitia lenzi. Ukiona kingo za upande wa nyuma zinatoka mbilimbili, hiyo si almasi.