Ramani za INEAC zimo EuDASM, na ni bure

Ndugu zangu wa agronomi na jiolojia hapa Bukavu, kama bado mnazunguka kutafuta ramani za udongo za enzi ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabelgiji, fungueni EuDASM. Ni hifadhi ya kidijitali iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichoko Ispra, Italia, pamoja na ISRIC, kituo cha taarifa za udongo cha Wageningen, Uholanzi. Karatasi za zamani zilikuwa zinachakaa, wakaziskani. Hulipi kitu.

Unachagua bara, kisha nchi, na orodha ya ramani inatokea. Mimi nilikuwa nataka Bonde la Ruzizi, ramani ya tatu katika mfululizo wa INEAC wa udongo na mimea ya Kongo na Ruanda-Urundi. Nilipoifungua nilifurahi kweli: karatasi imeskaniwa nzima, pamoja na ufunguo wa rangi na kingo zake. Nimeshapewa nakala nyingi ambazo ufunguo umekatwa, na ramani ya udongo isiyo na ufunguo haikuambii lolote kuhusu shamba la Luvungi au Sange.

Faili ni JPEG nzito, basi ishusheni usiku mega za intaneti zikiwa rahisi, muihifadhi kwenye flashi. Ni picha tu, haijafungwa kwenye majira ya nukta, yaani kompyuta haijui picha hiyo iko wapi duniani. Kazi hiyo mtaifanya wenyewe ndani ya QGIS, programu ya ramani. Shikeni mistari ya longitudo na latitudo iliyo pembezoni, msitegemee mikunjo ya mto, maana mto wa tambarare huhama.

Jambo la kuangalia sana ni majina. INEAC ilikuwa na uainishaji wake wa udongo, na kinachoitwa kaolisoli humo leo kinaweza kuwa ferralsoli, akrisoli au hata nitisoli, ambazo ni aina tofauti za udongo. Naona memwari za wanafunzi zinazobadilisha jina moja kwa moja, na inaniuma, kwa sababu mkulima ndiye atakayepewa ushauri wa mbolea usiofaa. Chimbeni shimo, pimeni, ndipo muandike.

Kwangu hakuna hifadhi iliyonisaidia kuliko hii, nami naipendekeza kwa moyo wote. Na wenzetu wa Lubumbashi nao waitazame: ramani ya kwanza ya mfululizo huo ni ya Kaniama, Haut-Lomami, upande wao wa Katanga ya zamani.